Yupo Anayetumia

Kwenye lile jukwaa hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Fagio. Jina lilianza kama utani wa mtu mmoja, likashika, na mwisho hata barua za heshima zikawa zinaanza na "Dada Fagio mpendwa," naye anaitika. Asili yake ilikuwa hesabu. Jukwaa lenyewe ni programu huria ya kuchapishia, iliyoandikwa kwa PHP, lugha moja ya kompyuta, na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko. Magazeti madogo, vyama vya ushirika, shule na zahanati huichukua bure na kuendeshea tovuti zao. Kila mtu anayegusa msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi yanayoiendesha, mashine huandika ameongeza mistari mingapi na amefuta mingapi. Wenzake wote walikuwa wameongeza kuliko walivyofuta. Yeye peke yake, baada ya miaka kumi na minne, alikuwa amefuta mistari elfu tisini zaidi ya aliyoandika. "Dada huyu akikaa mwaka mwingine," mmoja wao aliwahi kuandika, "tutalala nje."

Hakuwa mhandisi. Alisomea ukutubi, na kazi yake ya mshahara ilikuwa maktaba ya chuo cha ualimu, chumba cha chini chenye kompyuta kumi na mbili na dirisha linalomtazama fundi wa kuziba pancha. Chuo kilipoamua jarida lake liwe mtandaoni, yeye ndiye aliyekabidhiwa kitabu cha maelekezo cha lile jukwaa, na kitabu kilikuwa na makosa. Akaandika barua ya adabu kuyataja. Akajibiwa ayarekebishe mwenyewe. Kutoka kwenye maelekezo akahamia kwenye maneno ya Kiswahili yanayoonekana kwenye vitufe, na kutoka hapo akaingia kwenye msimbo wenyewe, kama mgeni aliyeombwa afute vumbi sebuleni akajikuta yuko jikoni ameshika sufuria.

Alikuta nyumba ya ukoo. Kila aliyepita aliacha kitu chake. Kulikuwa na kazi moja iliyoandikwa mara tatu na watu watatu wasiojuana. Kulikuwa na vipande vilivyoandikwa kwa ajili ya kompyuta ambazo sasa zinafugiwa kuku, na majina yanayosema hivi huku ndani yanafanya vile. Fagio alisoma taratibu, asubuhi kabla ya kazi, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Kwa kila alichokikuta aliuliza kinamtumikia nani. Kama hakimtumikii mtu, alikitoa, akaziba pengo, akaenda mbele. Vijana wapya walipenda kumwambia kwamba akiba haiozi, huenda siku moja kikahitajika. Aliwajibu kwamba hawajawahi kunusa akiba ya miaka kumi.

Lakini alikuwa mwangalifu kuliko wote. Anayeongeza akikosea, kosa lake huonekana. Anayefuta anaweza kumkosea mtu asiyemjua, aliye mbali, ambaye ataamka asubuhi akute tovuti yake imekatika mguu na asijue amlilie nani. Ndiyo maana jukwaa lilikuwa na desturi ya siku tisini. Kabla ya kitu kung'olewa, swali huwekwa kwenye ubao wa matangazo: kitu fulani, je, kuna anayekitumia? Wanangoja siku tisini. Akijitokeza hata mmoja akasema yupo anayetumia, kitu hicho kinaachwa, na swali haliulizwi tena mpaka mwaka uishe. Anayejibu haulizwi ni nani, wapi wala kwa nini. Waasisi waliona si vizuri kumlazimisha mtu wa chama kidogo cha mbali aje kujieleza mbele ya mafundi. Ilikuwa desturi nzuri. Ilisimama juu ya imani tu, na imani haina nguzo ya pili.

Kwenye programu hiyo palikuwa na ukurasa wa zamani wa kuandikia, uliotengenezwa miaka ya mwanzo. Wote walishahamia ukurasa mpya. Swali la siku tisini liliulizwa juu ya ule wa zamani mara nne katika miaka sita, na mara zote nne jibu lilikuja moja: "Yupo anayetumia." Mara zote nne aliyejibu alikuwa Fagio.

Mkubwa wa matoleo, bwana mmoja waliyemwita Nyundo kwa sababu ndiye aliyegonga muhuri wa mwisho kila toleo lilipotoka, alishangaa kidogo. Alikuwa anaishi nchi nyingine, na Fagio alimfahamu kwa sauti na kwa upara unaong'aa kwenye kioo cha simu. Alimtania kwamba leo fagio limeanza kulinda taka. Yeye akajibu, "Yupo, kaka," na Nyundo akaliacha hapo. Fagio akisema yupo, basi yupo.

Na alikuwepo kweli. Alikuwa baba yake.

Mzee huyo alikuwa msahihishaji wa prufu kwenye kiwanda cha uchapishaji kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla ya kuchapwa: vitabu vya shule, kalenda, matangazo ya vifo, kadi za harusi. Alipostaafu na mkewe akafariki, binti alimchukua akaishi naye kwenye nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili, yenye meza moja kubwa ambayo ilikuwa ya kulia, ya kupigia pasi na ya kazi. Akamfungulia tovuti yake mwenyewe ili asikae bure. Kila Alhamisi asubuhi, kwa kuwa siku hiyo zamu ya maktaba ilianza saa nane mchana, baba na binti walikaa kwenye meza ile, yeye na msimbo wake, mzee na safu yake. Aliandika habari za makosa aliyoyakamata na yale yaliyomponyoka. Ile ya kadi ya harusi iliyomtaja baba mkwe kuwa ndiye bwana harusi iliwafurahisha watu mpaka wakaomba irudiwe. Wasomaji walikuwa kama sitini, wengi wao wapanga herufi wastaafu, walimu, na wajane wawili watatu waliomwandikia kwamba Alhamisi yao huanza kwake.

Kisha akaanza kusahau. Daktari alieleza kwamba ni mishipa midogo ya kichwani. Ya zamani yatakaa, alisema, lakini mapya kwake yatakuwa maji kwenye pakacha. Mzee aliweza kutaja aina ya karatasi iliyotumika kuchapa kitabu cha hesabu cha darasa la nne miaka arobaini iliyopita, na asijue kama amekunywa chai. Lakini ukurasa ule wa zamani aliujua kabla ya maradhi. Ulikuwa boksi jeupe na vitufe viwili, Hifadhi na Chapisha. Mikono yake iliukumbuka hata pale yeye mwenyewe aliposahau.

Fagio alijaribu kumhamisha. Miaka mitatu nyuma alimfungulia ukurasa mpya, akakaa naye asubuhi nzima. Mzee aliandika aya moja. Aya ikajigeuza kisanduku, kisanduku kikaruka juu ya kingine. "Mama," alimwambia binti yake, kama alivyozoea kumwita tangu mtoto, "mbona karatasi hii haitulii?" Kesho yake hakukumbuka hata kimoja alichofundishwa, wala keshokutwa yake. Akaacha kuandika. Wiki saba zilipita. Aliacha kunyoa, akawa anashinda na nguo za kulalia, anasimama dirishani kuuliza kama basi la kiwandani limeshapita. Wiki ya nane Fagio alimrudishia ukurasa wa zamani, hakumwambia kitu. Mzee aliliona boksi jeupe, akavuta kiti, akaomba miwani yake. Aliandika mpaka adhuhuri. Jioni ile alinyoa ndevu.

Kwa hiyo Fagio alijua bei ya neno lile, na kila swali lilipoulizwa alilisema. Hakusema uongo. Yupo anayetumia, ndivyo ilivyokuwa.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Miaka miwili iliyopita, akifagia jirani na ukurasa ule, aliona sehemu yake inayopokea picha. Haikuuliza nani anayeleta wala ndani mna nini. Iliangalia jina tu. Faili likijiita picha, lilipokelewa kama picha. Kuitengeneza ilikuwa kazi ya nusu siku. Lakini kwenye jukwaa hilo hakuna badiliko linaloingia mpaka mtu wa pili alisome, na mtu wa pili angekuwa Nyundo. Nyundo akifungua droo ile angeona na mengine yote yaliyooza humo, na asingengoja siku tisini kuung'oa ukurasa wote. Fagio alikaa akitazama. Kisha akafanya wanavyofanya watu wa kazi hiyo wakiwa na haraka, au wakiwa na woga. Aliandika mstari wa maelezo, ule ambao mashine huuruka na binadamu peke yake ndiye husoma: "Fagio: rudi hapa." Hakuandika kwa nini. Mstari huo uliingia katikati ya usafi mwingine wa mistari mia tatu, na Nyundo aliupitia kwa macho ya mtu anayemwamini mwenzake.

Hakurudi. Mwanzoni kila wiki alijiambia wiki ijayo. Baadaye hata kujiambia aliacha. Tena, ukurasa ule haukuwa kwa baba yake tu. Programu huchukuliwa nzima. Tovuti elfu kumi na moja zilikuwa nao ndani, wenyewe hawajui, kama nyumba zilizojengwa kwa ramani moja zenye mlango wa uani usiotumiwa na mtu.

Waliougundua mlango huo waliutumia siku ya Jumapili. Jumatatu asubuhi, Fagio akiwa hajamaliza chai yake, ubao wa matangazo ulikuwa na barua ya mkunga mstaafu aliyeendesha tovuti ya kina mama wajawazito wa eneo lake. Palipokuwa pameandikwa kwamba mama akivimba uso na kuumwa kichwa kikali aende hospitali leo hii, sasa palikuwa na chupa ya vidonge na namba ya simu. Mama mmoja, uso umemvimba, alimpigia mkunga kuuliza vidonge hivyo anywe vingapi. Mkunga alikwenda kwake mwenyewe, akampeleka hospitali. Alipona yeye na mtoto, lakini wangechelewa saa chache tu wasingepona. Barua ilimalizika hivi: "Sijui mambo ya kompyuta. Najua kwamba mlango hauachwi wazi bila mtu kuuacha. Naomba kuambiwa ni mlango gani, na nani alijua."

Nyundo aliziba tundu kabla ya saa sita mchana, akatuma kiraka kwa tovuti zote. Kisha akaweka tangazo fupi. Ukurasa wa zamani una mengine yaliyooza, hauwezi kuendelea kubaki. Anayeutumia anaombwa ajitokeze ili asaidiwe kuhama. Hakumtaja mtu.

Fagio alikwenda kazini. Alipanga upya rafu nzima ya majarida ambayo haikuwa imevurugika. Jumanne vilevile. Jumatano, wanafunzi wakiwa darasani, Nyundo alipiga simu. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, Nyundo akamweleza kwamba mtoto wake ameota jino. Alizunguka hivyo kwa muda.

"Huyo mtu wako, dada," alisema. "Ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Baba yako mzazi?"

"Mzazi."

"Na wengine?"

"Hakuna wengine, kaka. Ni yeye tu."

Nje, fundi wa pancha alikuwa anapiga rimu kwa nyundo, mapigo matatu, kimya, mapigo matatu. Fagio alimngoja mwenzake aulizie ule mstari. Mashine hutunza historia ya kila mstari, nani aliuandika na tarehe gani, na haikuwezekana azibe tundu lile bila kuuona umekaa juu yake. Hakuulizia. Ndipo Fagio akaelewa kwamba hataulizia kamwe.

"Ule mstari umeuona," alisema.

"Nimeuona tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Alimweleza yote, hakujitetea, na Nyundo alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Nyundo alishusha pumzi akasema ana wazo. Wamtengenezee mzee kopi yake. Ikae kwenye kompyuta ile ya nyumbani tu, isiungwe na mtandao. Atapata boksi lake jeupe na vitufe vyake. Akibonyeza Chapisha, itamwambia imechapishwa.

"Atajuaje?" alisema. Alisema kwa upole, na Fagio alijua kwamba upole huo ni wa kweli, na kwamba mtu ambaye yeye alimkosea alikuwa bado anamtafutia mahali pa kupita.

Alitembea kwenda nyumbani na wazo hilo. Lilikuwa zuri mno, na uzuri wake ndio uliomtia wasiwasi. Alimwona baba yake Alhamisi, amenyoa, akibonyeza kitufe kisichokwenda popote. Alimsikia akiuliza, kama alivyouliza kila wiki, "Wanasemaje watu wangu?" Angelazimika kuwatunga. Angewatunga wajane, angewatunga wapanga herufi na utani wao wa kizee, kila wiki, wote sitini, amsomee, na mzee acheke. Jino la pembe si dawa ya pengo. Na mzee huyu, hata kama akili yake ilikuwa imevuja kiasi gani, jicho lake kwa maneno ya kughushi lilikuwa bado halijavuja.

Alhamisi asubuhi alimngoja amalize chai. Alimwambia kabla hajaanza kuandika ana jambo la kumweleza. Mzee alivua miwani, dalili kwamba anasikiliza. Alimweleza polepole, kwa maneno ya kiwandani: sahani ya zamani ya kuchapia, ufa, kitabu cha watu wengine kilichoharibika kwa ufa huo. Mzee aliuliza maneno ya mkunga yalikuwaje kabla hayajabadilishwa, akataka kuyasikia neno kwa neno. Aliyasikia. Akatikisa kichwa taratibu.

"Ulijua?"

"Nilijua ni kuukuu."

"Kuukuu si kosa, hata mimi kuukuu. Nakuuliza kama ulijua pana kosa."

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Akataka kuona. Fagio alifungua ile historia, akamgeuzia kioo. Mzee alivaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari kama alivyofanya maisha yake yote, akausoma kwa sauti. "Fagio: rudi hapa." Akamtazama. "Fagio ni nani?"

"Ni mimi. Ndivyo wanavyoniita."

"Hukurudi."

"Sikurudi."

Aliposema hivyo alijikuta ameanza kueleza zile wiki saba, ndevu, basi la kiwandani. Mzee aliinua mkono.

"Usinitwike, mama. Sikukuomba." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayerekebisha sentensi. "Makosa yamenipita mengi. Yalinipita sikuyaona, nikaitwa ofisini, nikakatwa mshahara wa siku. Hili la kuliona kosa ukaliwekea alama ukaliacha lipite, sisi hatukuwa hata na jina lake."

Fagio aliifuta meza mahali palipokuwa safi.

"Ing'oe hiyo sahani," mzee alisema.

"Nikiing'oa hutaweza kuandika, baba. Ule mwingine tulishajaribu."

"Nimesikia. Ing'oe."

Kisha akaomba aandike ya leo kwanza. Fagio alimwachia. Alidhani anaandika ya kuaga, akakaa upande wa pili wa meza akijizuia kuchungulia. Mzee aliandika saa nzima na nusu, akabonyeza Chapisha, akajinyoosha. Ilikuwa habari ya kalenda moja ya kampuni ya bima iliyoupa mwezi wa Juni siku thelathini na moja, na mzee mmoja wa mtaani aliyekwenda ofisini kwao kudai siku yake. Ilichekesha. Mwishoni aliwaahidi wasomaji kwamba Alhamisi ijayo atawaeleza habari za kamusi iliyokosa ukurasa. Alikuwa ameshasahau.

Mchana ule, baada ya zamu kuanza, Fagio alifuta mistari elfu nne mia tatu kumi na minane. Kwa kawaida alipenda kufuta. Ilikuwa kama kufungua dirisha. Safari hii alifuta faili baada ya faili huku akizitaja kwa majina kimoyomoyo. Kila badiliko huambatana na maelezo, na desturi ni mstari mmoja. Yeye aliandika aya nne. Aliandika kwamba anayetumia alikuwa mmoja na ni baba yake. Kwamba alisema kweli mara nne kwa namna ambayo watu hawakuweza kuijua kweli. Kwamba tundu alilijua miaka miwili na akalinyamazia ili ukurasa usiguswe. Aliandika kwamba anarudisha ufunguo wake wa kuingiza mabadiliko. Nyundo hakutania. Alisoma mistari yote ile, ambayo mwingine angeipitisha kwa dakika moja kwa kuwa inafutwa tu, akachukua siku mbili. Chini aliandika, "Nimesoma. Sawa. Ufunguo tutakushikia mwaka mmoja. Kufagia usiache." Wengine waliandika machache. Mmoja aliandika mengi makali, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakukosea.

Desturi ya siku tisini nayo ikaongezwa sharti. Sasa anayesema yupo anaombwa aseme ni nani na wangapi. Vijana walioingia baadaye huona ni jambo la kawaida. Kwa Fagio haikuwa hivyo. Kila anaposoma tangazo jipya huliona sharti lile limekaa chini yake, na anajua ni nani aliyeifanya imani iwe na masharti.

Fagio alimpigia mkunga simu mwenyewe. Hakutaka ajue kwa kusoma. Mwanamke yule alisikiliza hadi mwisho, akauliza umri wa mzee, akauliza kama anakula vizuri. Halafu akasema, "Sina la kukwambia, mwanangu. Mimi nilimshika yule mama mkono kwenye gari nisijue atafika. Nashukuru umepiga." Akakata. Fagio alikaa na simu mkononi, na akaona kwamba alikuwa ametumaini kitu, na kwamba hakikuwa haki yake kukitumaini.

Wasomaji wa mzee aliwaandikia kwamba safu imesimama. Wajane wakamtumia salamu.

Ikaja Alhamisi. Mzee alikuwa amenyoa. Alivuta kiti, akaweka miwani, akaomba afunguliwe ukurasa wake, ana habari ya kamusi. Fagio alisimama nyuma yake. Alimweleza kwamba ukurasa haupo. Kwa nini? Akamweleza: sahani, ufa, mkunga. Mzee alishtuka kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, maana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alitaka maneno ya mkunga yalivyokuwa, neno kwa neno. Kisha akageuka.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

Alimtazama kwa namna ile ile, na Fagio akaupokea mtazamo ule wote upya. Akasema basi ing'olewe. Binti akasema imeshang'olewa. Mzee akaitika, akakaa, mikono kwenye meza. Baada ya muda akaomba gazeti.

Alhamisi iliyofuata ikawa hivyo. Na iliyofuata. Siku nyingine mzee hukasirika, siku nyingine hunyamaza mpaka mchana, na mara moja alilia kidogo, si kwa ajili ya ukurasa, bali kwa ajili ya yule mama mwenye uso uliovimba, akauliza mara mbili kama kweli alipona. Nyundo, aliposikia, alimwambia Fagio kwamba hakuna sheria inayomtaka aupande mlima ule kila wiki. Aseme kompyuta imeharibika. Mzee ataitikia, atasoma gazeti, yataisha.

Alhamisi ya tano Fagio alikuwa na homa, na alikuwa amechoka. Mzee alivuta kiti, akaweka miwani, akaomba ukurasa wake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mepesi, matatu tu: kompyuta imeharibika, baba. Yasingemuumiza mtu yeyote duniani. Fagio alikivuta kiti cha pili, akakaa karibu naye kuliko alivyozoea, magoti yao yakagusana.

"Baba," alisema, "ukurasa haupo. Niliung'oa mimi. Kulikuwa na kosa ndani yake."

Mzee alivua miwani.

"Kosa gani?"

Akaanza kumweleza.